Taa Nyekundu ya Betri: Msililaumu Birika



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita tulikuwa twarejea Voi kutoka Taveta harusini, mimi, mke wangu na wajukuu wawili. Tuliondoka baada ya Maghrib, jambo ambalo mke wangu alilipinga nami sikumsikiliza. Tukiwa ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Maktau bado iko mbele yetu, ikawaka taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri. Sikushtuka, kwani wiki mbili kabla nilikuwa nimenunua betri mpya. Haukupita muda, taa za mbele zikafifia kama kibatari kilichoishiwa na mafuta, na gari likazima. Tukakaa gizani, vioo tumevifunga, twasikia ndovu wakivunja matawi, na mjukuu mdogo akimwuliza nyanya yake kama nyumbani ni mbali. Mwenyezi Mungu akatuletea dereva wa lori, akatuvuta hadi Mwatate.

Asubuhi fundi alifungua boneti, akaubonyeza mkanda kwa kidole, akatikisa kichwa. Ulikuwa umelegea na kuchakaa. Betri yangu mpya haikuwa na kosa, na huenda hata ile ya zamani haikuwa nalo. Aliyeniuzia hakupima kitu, nami sikumwuliza.

Tuliokulia katika misikiti ya kizamani twalijua birika la kutawadhia. Birika halizai maji, huyahifadhi tu. Yuko anayeteka kisimani na kulijaza. Katika gari, betri ndiyo birika, na kazi yake kubwa ni kuiamsha injini. Injini ikishaamka, alteneta, inayozungushwa na mkanda huo, hutoa umeme wa taa na feni, na kulijaza birika upya. Mkanda ukiteleza au alteneta ikiharibika, gari hunywa akiba ya betri mpaka ikauke. Ukinunua betri nyingine, umenunua birika la pili, na mjazaji bado amelala.

Basi tusizichanganye dalili. Gari likigoma asubuhi, likatoa sauti ya ta-ta-ta na taa zikafifia, tazama kwanza vichwa vya betri. Huenda vimelegea au vimeota unga mweupe na kijani. Kuvisafisha na kuvikaza huweza kutosha. Vikiwa safi, huenda betri imechoka. Joto la Voi huila betri polepole, na baridi ya alfajiri kule Wundanyi huifichua. Lakini taa nyekundu ikiwaka gari likiwa mwendoni, mshuku mjazaji kwanza.

Kipimo chake ni chepesi. Mwambie fundi alete mita. Injini ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Kisha injini iwashwe: mara nyingi mita hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, alteneta haijazi. Ikipita 15, inajaza kupita kiasi, nayo itaiunguza betri. Ni kazi ya dakika chache.

Taa hiyo ikikuwakia njiani, tazama kipimo cha joto. Katika magari mengi mkanda ule ule huzungusha pampu ya maji. Joto likipanda, simama na uzime injini mara moja. Joto likiwa la kawaida, zima kiyoyozi, redio na chaja za simu, lakini injini usiizime mpaka ufike penye watu, kwani huenda isiwake tena. Usiku taa za mbele usizizime. Ukiona zinafifia, tafuta mahali pa salama usimame kabla gari halijakusimamisha lenyewe.

Na tahadhari moja kwa wenye watoto: maji ya betri yana asidi inayounguza ngozi na macho, na betri inapojazwa hutoa gesi inayolipuka. Watoto wakae mbali, na asiwepo wa kuwasha kibiriti ili achungulie.

Akina mama mnaopeleka watoto madrasa na kusafiri hadi Mombasa, msione haya mbele ya fundi. Mwambieni, "Nipimie chaji kabla hujaniuzia betri." Mali ni amana, na kuitumia pasipo haja ni israfu. Mimi nililipa bei ya betri, kisha nikalipa mkanda ambao gharama yake haikufika robo ya bei hiyo. Fedha zitarudi inshallah. Lakini ile sauti ya mtoto gizani bado naisikia, na siku hizi mke wangu akisema tulale Taveta, twalala.

Wabillahi tawfiq.