Mutoto mwenye ulemavu akikataliwa ku masomo, nani atamusemea?



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, kuna wazazi wanaambiwa ku mulango wa shule: « Mutoto wa namna hii hatuwezi kumupokea. » Muzazi anarudi naye nyumbani. Hakuna barua, hakuna sababu iliyoandikwa, na mambo inaishia hapo.

Lakini sheria iko. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kipekee. Na tangu tarehe 3 Mei 2022, inchi iko na sheria nzima juu ya haki zao. Kinachokosekana ni mutu wa kuipeleka ku meza ya direkta na kungoja jibu.

Muzazi anaweza kuwa mutu huyo. Lakini wengi wanaogopa ofisi, wengine Kifaransa kinawashinda. Basi muchague muteteaji. Si lazima awe avoka. Anaweza kuwa mwalimu wa zamani, muzazi wa komite, ao mutu mwenye ulemavu aliyepitia njia hiyo. Muangalie mambo ine.

Kwanza, amujue mutoto. Asiyeona vizuri anahitaji benchi ya mbele. Mwenye kusikia kwa shida anahitaji mwalimu amuangalie usoni akiongea. Wa kiti cha magurudumu anahitaji darasa la chini. Kuomba « musaada » tu, bila kusema gani, ni kupata huruma na kurudi mikono mitupu.

Pili, asiwe na deni kwa shule. Mwenye kutafuta kazi pale atanyamaza siku ya kusema.

Tatu, aandike. Barua kwa direkta, kopi kwa sudivizio ya elimu, na kopi ingine ibaki kwenu na muhuri na tarehe. Maneno ya mudomo direkta atayakana kesho.

Ine, asifanye kitu bila ninyi. Awasomee barua katika luga munayosikia mbele ya kutia sinyatire. Na mutoto mwenyewe aulizwe: yeye ndiye atakaa mule darasani.

Akiwaomba pesa ya « kufungua mulango », mumuache. Haki yenye mulinunua leo, jirani masikini ataikosa kesho.

Kwa wakubwa wa elimu, tunadai mambo mbili: kila shule yenye kukataa mutoto iandike sababu na kutia sinyatire, na kila sudivizio iweke mutu wa kupokea malalamiko haya, na jibu litoke mbele ya trimestri kuisha.

Kwa vijana wenzetu: mwenye kujua kuandika barua, aende kwa jirani wiki hii. Mwaka wa masomo hauongoje mutu.