Viini Kumi na Sita, Kazi ya Kiini Kimoja

Juma lililopita mama mmoja alinipigia simu kuhusu binti yake aliye mwaka wa pili wa usanifu wa majengo. Binti anahitaji kompyuta ya kuchorea ramani. Muuzaji amemwonesha mbili: moja prosesa yake ina viini sita, ya pili ina viini kumi na sita, na bei ya hii ya pili inakaribia maradufu. Hoja ya muuzaji ni kwamba programu ya AutoCAD itakwenda karibu mara tatu kwa kasi. Mama yu tayari kukopa katika chama chao ili ainunue ile ya ghali. Nilimsihi asubiri, na kwa kuwa swali hili limeingia katika nyumba nyingi zenye vijana vyuoni, nimeona ni bora nilijibu hapa.

Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu zote za kompyuta. Zamani ndani yake mlikuwa na mtenda kazi mmoja tu, na kila baada ya muda watengenezaji wakimzidishia mwendo. Mwendo huo hupimwa kwa gigahezi, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde. Pentium 4 ya Intel ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na mwaka huo huo kampuni ikaufuta mpango wake wa kutoa ya gigahezi 4, kwani joto na ulaji wa umeme vilikuwa vimepita kiasi. Kuanzia 2005 kompyuta za kawaida za mezani zikaanza kutiwa watenda kazi wawili ndani ya prosesa moja, kisha wanne, na kuendelea. Hao ndio viini.

Ama AutoCAD ilitoka mwaka 1982, zama za mtenda kazi mmoja, na misingi yake ilijengwa juu yake. Lakini tusiwalaumu waandishi wa programu peke yao, kwani tatizo limo ndani ya kazi yenyewe.

Akina mama mtalifahamu hili kuliko mimi. Panapokuwa na shughuli, sambusa mia tatu zikakunjwa na wanawake kumi, kila mmoja hukunja zake bila kumngoja mwenziwe, na kazi huisha upesi. Biriani si hivyo. Kitunguu hakifikichwi katika masala kabla ya kukaangwa, wala hakikaangwi kabla ya kukatwa. Waje wapishi ishirini, kitunguu kitaiva kwa muda wake, na wengine watabaki kupiga soga mlangoni.

Kuchora kwa kompyuta, aghalabu, ni biriani. Katika programu kama SolidWorks, mchoraji huanza na bonge, kisha hutoboa tundu katika bonge, kisha huviringisha ukingo wa tundu. Akibadilisha kipimo cha bonge, programu hulazimika kuhesabu upya kila hatua kwa taratibu ile ile, kwa sababu ukingo hauwezi kujulikana ulipo kabla ya tundu kujulikana. Isitoshe, mchoro wote ni daftari moja. Watenda kazi wawili wakiandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja wataharibiana, basi mmoja hungoja.

Mhandisi Gene Amdahl wa IBM aliiweka wazi hesabu ya jambo hili mwaka 1967. Chukulia kazi ya dakika 100, ambayo 80 katika hizo ni za kufuatana na 20 zaweza kugawanywa. Ukiwa na viini sita, itachukua dakika 83 na kitu. Ukiwa na kumi na sita, dakika 81 na robo. Mama yule angekopa kwa ajili ya dakika mbili! Ukitaka ushahidi wa macho, fungua Task Manager ya Windows wakati AutoCAD inapojikongoja katika mchoro mzito kwenye kompyuta ya viini vinne. Mara nyingi utaona prosesa imetumika robo tu au chini ya hapo.

Zipo kazi za sambusa pia. AutoCAD yenyewe huweza kutumia zaidi ya kiini kimoja inapochora upya kioo, na kuna mpangilio wake uitwao WHIPTHREAD. Kubwa zaidi ni kutengeneza picha za nyumba zinazofanana na za kamera, zenye vivuli na mwangaza, kwa V-Ray au Blender. Hapo kila kipande cha picha huhesabiwa peke yake, na viini kumi na sita hufanya kazi ya kweli. Kijana ambaye kila wiki hutoa picha za namna hiyo ana haki ya kudai viini vingi. Wa mwaka wa pili, anayechora kuta na ngazi, bado.

Autodesk, wenye AutoCAD, katika masharti yao ya toleo la 2022 walipendekeza prosesa ya gigahezi 3 au zaidi na memori ya gigabaiti 16. Hawakutaja idadi ya viini. Lakini gigahezi hulinganishwa baina ya prosesa za kizazi kimoja tu, kwani ya miaka kumi iliyopita yenye namba ile ile hufanya kazi ndogo zaidi kwa kila pigo. Basi tahadharini na mashine kuukuu za maofisi ziletwazo kutoka nje, zenye viini vingi vya mwendo wa pole.

Na kwa hali ya hewa yetu ya pwani, prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe. Kompyuta ya mapajani iliyowekwa juu ya godoro huziba matundu yake ya hewa, na kasi iliyolipiwa hupotea bure.

Mama huyo nimemshauri aende dukani na binti, wachukue mchoro wake mzito kuliko yote. Kama duka lina AutoCAD, waufungue katika mashine zote mbili, waandike amri ya REGEN, na wahesabu sekunde kwa saa ya mkononi kabla ya kuzungumza bei.