Ugonjwa Ukipita, Deni Hubaki: Kagera, Majanga na Suala la Kujiua

Tangu UVIKO-19 uingie nchini Machi 2020, swali moja limekuwa likiulizwa kwa sauti ya chini katika mijadala yetu ya vyuoni: je, janga la maradhi huongeza idadi ya watu wanaojiua? Wapo wanaojibu haraka kwamba ndivyo ilivyo. Wapo wanaosema kujiua ni tatizo la Ulaya na Japani, kwamba sisi tuna ukoo, tuna dini na tuna majirani. Naona majibu yote mawili yana upungufu, na kwamba mkoa wa Kagera, hususan Bukoba na Muleba, una jambo la kuifundisha nchi nzima.

Tuanze na ushahidi wa dunia. Mwaka 2021 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 21, na kwa jumla miezi ya mwanzo ya janga haikuonyesha ongezeko la watu wanaojiua. Wengi walishusha pumzi. Lakini nchi hizo zote zilikuwa za kipato cha juu au cha kati cha juu. Maskini hakuwamo katika hesabu. Japani, inayohesabu vifo vyake kila mwezi, ilionyesha sura nyingine. Kati ya Februari na Juni 2020 vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 14. Kati ya Julai na Oktoba vikapanda kwa asilimia 16, na kwa wanawake kwa asilimia 37. Mwaka ulipofungwa walikuwa wamefariki watu 21,081, ongezeko la kwanza baada ya miaka kumi ya kushuka.

Mpangilio huo unaeleweka. Hofu inapokuwa mpya watu hushikana, serikali hutoa msaada, na kila mmoja anajua kwamba hateseki peke yake. Hatari huja baadaye, pale msaada unapokoma, kazi haijarudi, na jirani amechoka kuulizia hali.

Kagera iliyajua haya miongo minne iliyopita. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la mashati yaliyovushwa mpakani kutoka Uganda. Mwaka 1987 utafiti uliwakuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini wakiwa na virusi. Kufikia 1996 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3. Katika daftari la virusi, huo ni ushindi mkubwa, na waliousimamia wanastahili heshima.

Lakini kila janga lina daftari la pili, ambalo aghalabu hatulifungui. Humo yumo bibi aliyezika watoto wake na kubaki na wajukuu. Kimo kibanja kilichouzwa kipande kwa kipande ili kulipia matibabu. Yamo matanga yaliyofupishwa kwa sababu kesho yake kulikuwa na msiba mwingine kijijini. Huzuni iliyonyimwa siku zake haiondoki. Hujificha, nayo hujitokeza baada ya miaka kwa jina la ulevi, la ugomvi au la sonona.

Wapo waliolifungua daftari hilo mapema. Huko Nshamba, wilayani Muleba, katika miaka ya 1990 ulianzishwa mradi wa Humuliza, ambao jina lake latokana na neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Ulianza na jambo ambalo wafadhili wengi hawakuwa wakilifikiria: kwamba yatima, zaidi ya sare na daftari, anahitaji mtu wa kuzungumza naye juu ya mzazi aliyefariki. Mwaka 2003 hapohapo Nshamba likaanza shirika la kwaWazee, likiwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hayo ndiyo mambo ambayo bibi akiyapata hupungukiwa na sehemu ya hofu yake.

Msomaji anaweza kuuliza: chumvi na sabuni vinahusianaje na kujiua? Vinahusiana sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu mpango wa ruzuku kwa kaya maskini nchini Indonesia uligundua kwamba ruzuku hiyo ilipunguza vifo vya kujiua kwa asilimia 18. Fedha hazitibu kila jeraha la moyo, lakini umaskini wa ghafla ni miongoni mwa milango ambayo kifo hiki hupitia, na mlango huo serikali ina uwezo wa kuufunga.

Tanzania haikuwafungia watu majumbani mwaka 2020. Hata hivyo uchumi haukungoja amri. Wasafiri hawakuvuka tena Mutukula kama zamani. Minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria ilikosa ndege za kuipeleka Ulaya, na mvuvi wa visiwa vya Muleba akaliona hilo katika bei. Walimu wa shule binafsi walikaa miezi mitatu shule zikiwa zimefungwa, wengi bila mshahara. Mtu wa aina hiyo hukopa. Kagera mwenye mibuni huingia katika butura, akiiuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Asiye na mibuni huangukia mikopo ya kausha damu. Janga hupita, deni hubaki, na pamoja na deni hubaki aibu. Aibu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa humfanya mtu akwepe watu walewale ambao wangemsaidia.

Hapo sheria yetu huongeza uzito. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tuliirithi fikra hiyo kwa Waingereza. Wao wenyewe waliiondoa katika sheria zao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Mwenye mali alikwisha itupa, sisi tumeitunza. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha huko, kinachofanana na chetu, kinakiuka Katiba.

Wapo watakaosema kwamba kukifuta ni kuhalalisha kujiua. Sivyo. Aliyefikia hatua ya kutaka kufa hazuiwi na hofu ya mahabusu. Anayezuiwa ni yule aliyenusurika na anayehitaji kumweleza mganga ukweli. Familia nayo huficha, huandikisha sababu nyingine ya kifo, na hivyo takwimu zetu huanza kudanganya tangu nyumbani. Nchi ambayo mwishoni mwa Aprili 2020 iliacha kutangaza hata idadi ya wagonjwa wa UVIKO-19, na kukaa kimya kwa zaidi ya mwaka, ina sababu ya ziada ya kujifunza kuhesabu bila hofu.

Jambo hili si la historia. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini, ukaua watu sita kati ya tisa waliougua. Januari 2025 ukatangazwa tena mkoani humo, safari hii Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa walifariki. Kwa kanuni za afya, mlipuko hutangazwa kumalizika baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Siku hiyo magari huondoka. Lakini mjane ambaye hakuruhusiwa kumwosha mumewe, na muuguzi ambaye majirani bado wanamkwepa, kwao siku ya 43 ndiyo ya kwanza.

Napendekeza basi mambo matatu. Kaya zilizopigwa na mlipuko zifuatiliwe na wahudumu wa afya wa jamii kwa mwaka mzima, si kwa siku 42. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF uziingize kaya hizo mara moja, kabla hazijafika kwa mkopeshaji. Na Bunge likifute kifungu cha 217.

Kwenu wanafunzi, msingoje Bunge. Mwenzenu akisema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo; humpa nafasi ya kulitua. Kaeni naye, kisha mfuatane hadi kwa mtu mwenye ujuzi wa kumsaidia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, wakitukanya tusiuone mwepesi kwa sababu tu hatuubebi sisi.