Je, Baridi Ndiyo Iletayo Mafua?



Majira ya mvua yaingiapo, hapana nyumba yasimosikika maneno haya: “Usicheze mvuani, utapata mafua!” “Vaa viatu, sakafu ina baridi!” Na mtoto apigapo chafya ya kwanza, kabla hata hajafutwa kamasi, mkosaji huanza kutafutwa. Aghalabu mkosaji huyo ni mama yake: alimwogesha jioni, alimbeba bila kumfunika, alimwacha na nguo mbichi. Lawama hizo zimewahi kuvunja amani baina ya mke na mume, na baina ya mama na mkwewe. Juma hili tulichunguze jambo hili kwa utulivu.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba mafua huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Virusi viletavyo mafua ni vya aina zaidi ya 200, na kundi lililo kubwa kupita yote huitwa rinovirusi. Pasipo virusi hapana mafua, hata mtoto akiloana mpaka mifupani.

Ushahidi mmoja ulipatikana mbali sana na kwetu, katika kisiwa cha Spitsbergen kilicho karibu na Ncha ya Kaskazini. Huko waliishi wachimbaji wa makaa ya mawe pamoja na jamaa zao. Katika majira ya baridi bahari iliganda, na kwa miezi mingi hapakufika meli hata moja. Watafiti waliokaa huko mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliona kwamba katika miezi hiyo ya giza na theluji mafua yalipungua hata yakakaribia kutoweka. Baridi ilipopungua na meli ya kwanza kutia nanga, mafua yakazuka tena, yakaenea upesi. Baridi ile kali haikuwapa mafua. Waliletewa na wageni.

Hata hapa kwetu Burundi tunaweza kujionea. Mtoto wa Bugarama, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, huamka katika ukungu na kuvaa sweta. Mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, hulala akitokwa na jasho kwa joto la bonde la ziwa Tanganyika. Hata hivyo, wote wawili hupata mafua. Kama baridi ingekuwa ndiyo asili yake, huyo wa Buyenzi angelisalimika.

Nchini Uingereza, karibu na mji wa Salisbury, palikuwa na kituo cha kuchunguza mafua tangu mwaka 1946 hadi 1990. Watu waliojitolea walioga maji ya moto, kisha wakasimama penye upepo wakiwa wameloana, huku wakitetemeka. Wengine walivaa soksi zilizolowa maji. Kutetemeka peke yake hakukumpa mtu mafua, na wale waliotiwa virusi puani hawakuzidi kuugua kwa sababu ya baridi.

Je, basi bibi zetu walikosea kabisa? La, tusiwadharau. Mwaka 2005, katika mji wa Cardiff, watu 90 walitia miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 hawakutia. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 kati ya wale wa kwanza walisema wameshikwa na mafua, na 5 tu kati ya wale wa pili. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, huko Marekani, walichunguza chembe za njia ya hewa za panya, wakaona kwamba rinovirusi husitawi zaidi katika joto la nyuzi 33, lililo kama la ndani ya pua, kuliko katika nyuzi 37 za mwilini. Katika ubaridi huo, kinga ya chembe hizo pia hulegea. Kwa hiyo yawezekana kwamba baridi humsaidia adui aliyekwisha kuingia ndani. Lakini adui mwenyewe haumbwi na baridi.

Kwa nini basi mafua huzidi wakati wa mvua? Tazama tufanyavyo. Mvua ikinyesha, wanafunzi hubanana madawatini na madirisha hufungwa. Nyumbani, watoto hulala wanne kitandani chini ya blanketi moja. Akikohoa mmoja, wote huvuta hewa yake. Akijifuta kamasi kwa mkono, mkono huo hushika kikombe, na kikombe humfikia mdogo wake. Hivyo tunapomkimbiza mtoto ndani ili tumwokoe na baridi, huenda tunampeleka hasa mahali mafua yaliko.

Lipo kosa baya zaidi: kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili watoto wapate joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuua jamaa nzima usingizini. Nao moshi wa kuni hudhuru mapafu ya mtoto kuliko upepo wa asubuhi. Jiko na libaki nje, na dirisha liachwe wazi kidogo.

Sweta, viatu na nguo kavu ni vitu vyema. Mpe mtoto asitaabike. Lakini kinga ya mafua ni kunawa mikono kwa sabuni, kupitisha hewa chumbani, kufunika mdomo wakati wa kukohoa, na kutochangia kikombe na mgonjwa. Mtoto akishapata mafua, mnyonyeshe mara kwa mara au mpe vinywaji vya kutosha. Usimnunulie dawa za kuua bakteria, kwani haziui virusi. Mafua ya kawaida hupona yenyewe katika siku saba hadi kumi.

Ninawasihi hasa mlikumbuke jambo hili. Neno “ni baridi tu” limechelewesha wazazi wengi kwenda kituo cha afya. Homa ya wakati wa mvua yaweza kuwa malaria iliyoletwa na mbu, wala haitajulikana pasipo kupimwa damu. Kikohozi nacho chaweza kuwa nimonia, ambayo ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wadogo. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au asipoweza kunyonya wala kunywa.

Yuko mmoja ambaye kwake baridi yenyewe ni hatari hasa: mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati. Huyo hawezi kujitunzia joto la mwili. Akaushwe mara azaliwapo, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Kwa wengine, tuache kumlaumu mama kwa ajili ya mvua. Wakati tunaoupoteza tukitafuta nani alimwacha mtoto barazani, tuutumie kuhesabu pumzi zake.