Msinipe Onoda, Nipeni Waliosalimu Amri

Ndugu msomaji, leo nina ugomvi, na sitauficha nyuma ya mafumbo.

Juzi tulikutana kundi letu la waandishi kama kawaida: chai ya rangi, maandazi ya kugombania, na kila mtu na karatasi zake. Basi washairi wawili na mwandishi mmoja wa hadithi fupi, bila kuambizana, wakatuletea mtu yuleyule: Hiroo Onoda, luteni wa Kijapani aliyekaa msituni katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, mpaka Machi 1974, karibu miaka 29 baada ya vita kwisha. Wa kwanza alimwita simba. Wa pili akamfananisha na mwandishi asiyeuza kalamu yake. Wa tatu alisoma mpaka machozi yakamlenga, jamani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Halafu nikajichukia njia nzima mpaka nyumbani.

Kwa hiyo hapa naandika niliyotakiwa kuyasema palepale.

Lubang hakikuwa kisiwa kitupu. Kilikuwa na wakulima wa mpunga, wafugaji, wavuvi, watu wenye watoto. Katika miaka ile yote Onoda na wenzake waliua kama watu 30 wa pale. Hawakuwa wanajeshi wa Marekani hao. Walikuwa wanakijiji waliokwenda zao shambani wakati wa amani. Oktoba 1972 Kozuka, mwenzake wa mwisho, alipigwa risasi na polisi wakati wawili hao wakichoma mpunga uliokwisha kuvunwa na wakulima. Mpunga, bwana! Sasa wewe mshairi, mtoto wa mkulima, shairi lako lina beti kumi na mbili. Mkulima wa Lubang umempa ubeti wa ngapi?

Mtaniambia: eti hakujua. Siyo kweli kwamba hakuambiwa. Karatasi zilidondoshwa na ndege. Barua na picha za jamaa zake zilidondoshwa. Ndugu yake wa damu alikwenda akamwita kwa kipaza sauti. Mwenzao mmoja, Akatsu, aliwatoroka akajisalimisha mwaka 1950, akawa hai. Onoda alisema yote hayo ni hila za adui. Wahenga wetu wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kule Lubang iliyovunjika ni miguu ya watu wengine. Na alipotoka msituni, Rais Marcos alimsamehe. Akarudi kwao kwa shangwe, kitabu chake kikatoka mwaka huohuo. Aliyefiwa Lubang alipata nini? Hilo hakuna aliyeliuliza siku ile ya maandazi.

Sasa niwape hadithi mnayoiruka kila siku.

Tarehe 15 Agosti 1945 Wajapani zaidi ya milioni sita, askari na raia, walikuwa nje ya nchi yao: China, Korea, Burma, Malaya, Java, New Guinea, na visiwa vya Pasifiki ambavyo vingine ni vidogo kuliko kata. Redioni Mfalme Hirohito alisoma tangazo kwa Kijapani cha ikulu ambacho wengi hawakukielewa vizuri, na neno lenyewe la kusalimu amri hakulitaja. Askari hao walikuwa wamelelewa na mwongozo wa jeshi wa mwaka 1941, uliotolewa kwa jina la Tojo, uliowafundisha kwamba kutekwa ukiwa hai ni aibu. Haya, sasa wanaambiwa: wekeni silaha chini.

Wengi wetu tunadhani vita ilikwisha kwa saini moja juu ya manowari Missouri tarehe 2 Septemba. Wapi! Ilibidi imalizwe kambi kwa kambi. Siku hiyohiyo ya tarehe 2 ikaja Truk. Tarehe 6 Jenerali Imamura wa Rabaul alipanda manowari Glory ya Waingereza akatia saini mbele ya Jenerali Sturdee wa Australia. Tarehe 9 ikawa Nanjing, kwa majeshi yaliyokuwa China. Tarehe 12 Singapore, ambako Itagaki alitia saini badala ya mkuu wake Terauchi aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 13 ikawa zamu ya Wewak, New Guinea.

Hapo Wewak nataka tukae kidogo. Jeshi la 18 la Jenerali Adachi lilikuwa na watu wapatao 140,000. Siku ya kusalimu amri walibaki kama 13,000. Risasi iliua wengi, lakini njaa na malaria viliua wengi zaidi, maana meli za chakula zilikuwa zimekatika na Wamarekani walikuwa wamewaruka wakaenda mbele, wakawaacha wakauke. Adachi alitembea katika uwanja wa ndege wa Cape Wom, mbele ya askari wa Australia waliojipanga, akatoa upanga wake. Wale 13,000 wakarudi makwao kulima na kuoa. Kama Adachi angekuwa simba wa shairi lenu, wangeongezeka kaburini.

Simpambi Adachi, msinielewe vibaya. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa ya kivita, na mwaka 1947 akajiua huko Rabaul. Wala siwapambi wengine. Kisiwani Wake, Oktoba 1943, kamanda Sakaibara aliamuru mateka 98 wauawe, raia wa Marekani waliokuwa mafundi tu. Wake ikasalimu amri tarehe 4 Septemba 1945, mifupa ikaulizwa ni ya nani, na mwaka 1947 Sakaibara akanyongwa. Hapo ndipo ninapotaka tufike. Silaha ikiwekwa chini, maswali yanaanza. Nani aliuawa? Kwa amri ya nani? Aliyebaki msituni na bunduki yake haulizwi chochote. Ndiyo maana anapendeza sana kwenye ushairi.

Na kusalimu amri kwenyewe si mwisho mzuri wa sinema. Kule Java, Indonesia ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti 1945. Waingereza walipofika, waliwachukua Wajapani walewale waliokwisha kushindwa, wakawarudishia bunduki walinde na hata kupigana dhidi ya Waindonesia, huku njia ikisafishwa kwa ajili ya Mdachi kurudi. Yaani jana adui, leo askari wako, na anayepigwa ni yuleyule mwenye nchi. Sisi wana wa makoloni hadithi hiyo tunaiacha, tunakimbilia ya mtu mmoja na upanga wake?

Kuna jambo la mwisho, na ndilo linaloniuma zaidi. Onoda hakuwa wa mwisho. Miezi tisa baada yake, Desemba 1974, askari wa Indonesia walimkamata katika kisiwa cha Morotai mtu aliyejulikana kama Teruo Nakamura. Nakamura hilo ni jina la kupewa. Alikuwa Mwamis, mwenyeji wa asili wa Taiwan, iliyokuwa koloni la Japani. Jeshi lilimchukua mwaka 1943 likampeleka kufia mbali. Alikuwa amekwisha kuandikwa marehemu, na mkewe alikuwa ameolewa na mtu mwingine. Hakupokelewa Tokyo kwa shangwe. Alirudishwa Taiwan, na kwa kuwa hakuwa tena raia wa Japani, mwanzoni alihesabiwa yen 68,000, basi. Mwaka 1979 akafa. Kwenye kundi letu hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake.

Mimi Nakamura namjua. Nimemwona mtaani. Ni yule mzee wa KAR aliyekuwa akikaa barazani, kanzu imechakaa, anakutajia Burma na bonde la Kabaw ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani mwaka 1944 katika mvua na matope mpaka Kalewa. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Alipigana vita ya mfalme asiyemjua, alilipwa chini ya Mzungu wa cheo kilekile, akarudi kijijini kimyakimya. Na kabla yake walikuwako wapagazi wa vita ya kwanza, ambao jina la jeshi lao limebaki Kariakoo tunakonunua viatu vya mtumba. Hao wote, Mwamis wa Morotai na mzee wa barazani, ni watu wa ukoo mmoja: walitumwa na wakubwa, wakasahauliwa na wakubwa. Sasa wanasahauliwa na washairi.

Najua kwa nini Onoda anatuvuta. Sisi vijana wa kalamu tunajiona tumezingirwa: mchapaji anataka hela mbele, muuza vitabu anataka vitabu vya shule tu, nyumbani wanauliza utapata kazi lini. Mtu ambaye hakukubali kushindwa anatufariji. Lakini msimamo usiosikiliza si msimamo, ni uziwi. Na mwandishi kiziwi ana hatari, maana ataendelea kuchoma mpunga wa watu huku akijiita mwaminifu.

Kwa hiyo nawaomba, washairi wenzangu. Andikeni juu ya Akatsu, aliyetoka msituni peke yake akiwa na hofu. Andikeni siku ya kwanza ya askari wa Wewak aliyepewa bakuli la wali na mtu aliyekuwa akimwinda. Andikeni mjane wa Lubang. Mkishindwa hao, nendeni barazani, kama bado hamjachelewa.

Mimi nimemaliza. Anayebisha achukue kalamu, toleo lijalo lina nafasi. Ila maandazi safari hii aje nayo yeye.