Karani Kushika Usukani si Kuanguka

Katika baraza zetu za Mombasa limeingia neno ambalo mimi naliona lina sumu. Kijana akitoka katika kazi ya afisi akaenda kuendesha lori la masafa marefu, husemwa kuwa "ameanguka". Husemwa kwa sauti ya chini, kama asemwavyo mtu aliyefikwa na msiba. Wazee hutikisa vichwa, akina mama huuliza iwapo mtoto wa watu amerogwa, na mchumba aliyekuwa karibu kuolewa huanza kushauriwa avute subira. Leo, mpenzi msomaji, nataka tulitie neno hili kwenye mizani, kama malori yanavyopimwa pale Mariakani, tuone limebeba uzito gani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mmoja wa hao "walioanguka". Kwa miaka tisa alikuwa karani katika afisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Kazi yake ilikuwa kuandika hati za forodha za makasha yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo. Alivaa shati jeupe na tai, na mama yake kila alipoulizwa kijana anafanya nini, alijibu kwa maringo kuwa "yuko afisini". Lakini mshahara ukifika tarehe kumi umekwisha, na ikawa miezi mingine hauji kabisa. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru shehena nyingi zipelekwe bara kwa reli mpya zikatolewe huko, afisi nyingi za mawakala hapa Mombasa zilifunga milango au zikapunguza watu. Amri ile iliondolewa Septemba 2022 na kazi ya kutoa mizigo ikarudi pwani, lakini si wote waliotoka waliorudia viti vyao. Yeye alirudi, akakaa mwaka mmoja zaidi, kisha akaja kwangu baada ya sala ya magharibi kunieleza nia yake.

"Mjomba," aliniambia, "miaka yote hii naandika Malaba, Kampala na Kigali katika karatasi, wala sijaiona hata moja. Na yule dereva ninayempa karatasi, watoto wake hawafukuzwi shule kwa karo. Wangu hufukuzwa."

Dada yangu alilia siku tatu. Kilio chake kilikuwa kimoja: "Nilikusomesha ili uwe utingo?" Maana kweli kijana alianza na utingo. Mwaka mzima alifunga turubai, akabadilisha tairi, akalala chini ya trela, ndipo akapewa usukani.

Sasa tujiulize, heshima hii ya kiti imetoka wapi? Haikuteremka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni karani alikaa karibu na mkubwa na karibu na funguo za sanduku la fedha. Aliyejua kusoma hakusukuma mkokoteni. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, viti vilikuwa vingi na wasomi wachache, na aliyemaliza shule aliitwa kazini hata kabla hajapumzika. Leo wasomi ni wengi na viti ni vichache, na vingine vimebaki kuwa viti tu, havina mshahara. Hali imegeuka, lakini sisi tungali tunapima ubora wa mtu kwa weupe wa shati lake.

Na kama kuna watu wasiopasa kumdharau msafiri, basi ni sisi wa pwani. Babu zetu walikuwa manahodha na mabaharia. Walipakia boriti za mikoko, wakatweka tanga na upepo wa kusi kwenda Uarabuni na Ghuba, wakarudi na kaskazi. Walikaa miezi mingi bila ya kuona watoto wao. Nahodha aliporudi mji ulitoka pwani kumlaki, wala hakuna aliyesema ameanguka kwa kuwa hana meza. Dereva wa lori ni nahodha wa nchi kavu. Chuoni, tulipokuwa tungali tunaandika kwenye mbao, mwalimu alitufunza kuwa Nabii Daudi, juu ya ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake. Ikiwa mfalme hakuona haya, karani ana haya gani?

Wengine hudhani kazi hii haihitaji akili. Hao hawajui wasemalo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari pamoja na mzigo wake kufikia tani 56. Uzito huo ukiteremka mlima hauzuiwi kwa breki peke yake. Breki zikikanyagwa muda mrefu hushika moto, na zikishika moto huacha kuzuia. Dereva mjuzi huingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, akaiacha injini imzuie, na breki akaziweka akiba. Anayekumbuka hilo akiwa katikati ya mteremko amekwisha chelewa. Nchi nzima yakumbuka maafa ya njia panda ya Londiani, Juni 2023, lori lilipotoka njiani likaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara katika shughuli zao. Kazi ambayo kosa lake huzika watu kiasi hicho, vipi itaitwa kazi ya wajinga?

Wala kisomo cha mpwa wangu hakikupotea. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na ukifika huko lori laweza kulala siku kadhaa kwa sababu ya nambari moja ya kasha iliyoandikwa vibaya. Dereva mwingine hupiga simu kwa tajiri akakaa kungoja. Huyu huisoma hati, akaliona kosa, akamwambia wakala arekebishe nini. Madereva wenziwe humjia na karatasi zao, naye huwasomea. Je, mtu huyo ameitupa elimu, au ameipeleka inakohitajika?

Tena, sisi tunaoandika katika kurasa hizi tuna deni kwa madereva. Mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na Julai mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha kiwe lugha rasmi. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini kabla ya maazimio hayo, Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika Kampala, Kigali, Goma na Juba, na miongoni mwa waliokibeba ni hawa waliokuwa wakinunua chai, wakibishania bei ya tairi na kuulizia njia. Na mwaka 2020, korona ilipotufungia majumbani, ni wao waliopanga foleni za kilomita nyingi kule Malaba wakingoja kupimwa, wakitazamwa kama waleta maradhi, ilhali nchi za bara zikila na kuwasha taa kwa mizigo yao.

Sisemi haya ili kuipaka kazi hii asali. Ina uchungu wake, na kijana anayetaka kuingia aujue kabla. Mtoto hutembea na meno yakamtoka baba hayupo. Njiani kuna wezi wa mafuta na wa mizigo, kuna wanaotaka hongo, na kuna vishawishi vya miji ya kando ya barabara ambavyo vimeingiza maradhi katika nyumba nyingi. Ubaya mkubwa kuliko yote ni uchovu. Dereva anayelipwa kwa hesabu ya safari huuza usingizi wake ili aongeze safari, akatafuna miraa macho yasifunge. Dini imempa msafiri ruhusa ya kufupisha sala. Haikumpa ruhusa ya kufupisha usingizi.

Kwa hiyo fedheha naiona mimi, lakini siioni kwa kijana. Naiona kwa tajiri anayemtuma mtu Kampala bila ya mkataba wa maandishi, bila ya bima, na kwa masurufu yasiyotosha chakula na malazi. Naiona kwa sisi jamaa, tunaopokea fedha za dereva mwisho wa mwezi huku tukiona haya kuitaja kazi yake mbele ya wageni. Tungaliitumia sauti ile ya kunong'ona barazani kudai haki zake, labda angalilala usiku na angalirudi salama.

Nawe kijana uliye mezani ukiwaza jambo hili, sikuambii toka wala sikuambii kaa. Usitoke kwa hasira ya siku moja. Lipa madeni kwanza. Zungumza na mkeo, maana yeye ndiye atakayeilea nyumba peke yake. Jifunze kwa dereva mzee, na ukipewa gari lenye breki mbovu, likatae, hata kama ni kazi yako ya kwanza. Ukishatimiza hayo, basi nenda, wala usiinamishe kichwa upitapo barazani.

Mpwa wangu nilimtungia ubeti huu, naye kauandika kwa kalamu yake ndani ya mlango wa lori:

Kalamu sikuitupa, naushika usukani,
Kazi haki hunilipa, siombi kwa majirani,
Wala tena sitakopa, karo nina mkononi,
Mja hula jasho lake, aibu iko kwa nani?

Dada yangu halii tena, ingawa bado hutaja lori kwa shida. Kwa wengine wote wanaosema kijana ameanguka, nataka wanijibu swali moja tu: sukari iliyomo katika chai wanayokunywa wakisema hivyo, ilifikaje dukani?