Bilauri ya Wiski na Maji

Mzazi mmoja alitujia juzi kashika riwaya ya Thomas Hardy, The Mayor of Casterbridge, anayosomeshwa mwanawe. Kila palipotajwa kileo amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na wekundu ulikuwa mwingi. Atakalo ni kurasa hizo zitolewe. Sisi twasema zisitolewe, wala si kwamba tumelegeza dini.

Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901, walikuwa na ada ya kuzimua kileo kikali kwa maji. Katika vitabu vya mwanzo vya Charles Dickens aghalabu ni brandi au ramu, kwa maji ya moto na sukari. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aliivamia mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika, wiski ikashika nafasi. Ndiyo maana nyumbani kwa Sherlock Holmes twakuta wiski na chombo cha kutilia soda.

Maji hayo yalimpa mnywaji heshima: ati huyu si mlevi, anaburudika tu. Na waandishi waliliona hilo. Katika The Pickwick Papers (1836-37) Dickens amemleta Stiggins, mhubiri mwenye pua nyekundu, apendaye ramu yake kwa maji ya moto na sukari. Siku ya mkutano wa kupiga vita ulevi akafika chakari, akaanza kuwaita wenziwe walevi! Hatusemi Dickens alikemea daima. Bwana Pickwick mwenyewe alikunywa akalala ndani ya toroli, na hapo mwandishi acheka. Sisi hatucheki naye.

Lakini Hardy, katika kitabu hicho cha 1886, hana mzaha. Henchard na mkewe wafika gulioni. Mke, akiogopa hema la bia, amvuta mumewe kwenye hema la uji wa ngano. Masikini, hakujua! Mwenye uji auza ramu kwa siri, na bakuli baada ya bakuli aitia humo. Usiku haujaingia sana, Henchard keshamwuza mkewe na mtoto kwa baharia, kwa gini tano. Kulipokucha akaapa asionje kileo kwa miaka 21.

Chuoni tulifunzwa kwamba kileweshacho kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu, kukizimua hakukihalalishi. Hardy hakukalia jamvi la chuo chetu, lakini bakuli lake la uji lasema neno lilo hilo, tena kwa kisa ambacho kijana wa miaka kumi na sita hatakisahau. Ukiuchana ukurasa huo, mtoto atabakiwa na mtu aliyemwuza mkewe bila sababu.

Tulimwomba mzazi aketi na mwanawe waisome pamoja sura ya kwanza. Aliondoka akinung'unika, ila kitabu alikichukua, na kalamu akaisahau mezani petu.